Mfumo wabadilishwa Jumamosi usiku, Jumapili uko sawa, Jumatatu foleni hadi barabarani. Kosa liko wapi hasa?

#1 Fundi_Ntinda
Wakuu salaam. Naleta kesi, silitaji jina la taasisi. SACCO ya matawi 14 hapa Uganda. Seva mpya, hifadhidata imepandishwa kutoka PostgreSQL 11 hadi 15, na programu ya makeshia imewekwa toleo jipya, vyote usiku mmoja. Kazi ilianza Jumamosi saa 3 usiku, ikaisha Jumapili saa 10 alfajiri. Jumapili mchana watu watano wa makao makuu wakajaribu kuweka, kutoa, kukopa na kuchapa taarifa. Kila kitu kikapita. Jumatatu saa 2:30 asubuhi muamala mmoja unachukua nusu dakika kujibu, na matawi mawili hayaingii kabisa.

Fomu ya mabadiliko ilijazwa. Kamati ilikaa. Saini saba ziko chini ya karatasi. Dai langu: kamati ya mabadiliko haizuii chochote, inagawana lawama tu. Ifutwe, fundi aachiwe kazi yake. Nibisheni.

#2 Hifadhi_Mbarara
Kabla ya kufuta kamati, swali moja: baada ya kupandisha toleo mliendesha ANALYZE, amri ya kukusanya upya takwimu za data?

pg_upgrade, chombo cha kupandisha toleo la PostgreSQL, huhamisha data lakini ilikuwa haihamishi takwimu ambazo PostgreSQL huzitumia kuchagua njia ya kutafuta rekodi. Hilo limerekebishwa toleo la 18. Nyinyi mmekwenda 15, kwa hiyo hifadhidata iliamka haijui jedwali la miamala lina rekodi mia au milioni ishirini. Inaacha faharasa, inasoma jedwali zima. Watu watano Jumapili hawaoni tofauti. Makeshia sitini Jumatatu wanaiona wote.

Dawa ni amri moja, `vacuumdb --all --analyze-in-stages`, na iandikwe kwenye hatua za kazi KABLA ya jaribio. Bila hiyo mnajaribu mfumo usio ule utakaotumika.

#3 Swichi_Bwaise
Hifadhi, nakubali nusu. Takwimu huleta uzito, hazizuii watu kuingia. Mimi naangalia idadi ya miunganisho. Kiwango cha kawaida cha PostgreSQL ni 100, na 3 kati ya hizo huwekwa kando kwa msimamizi. Zimebaki 97. Programu nyingi za keshia hufungua bwawa la miunganisho 10 inayokaa wazi kwa kila tawi: matawi 14 mara 10 ni 140. Tawi la kumi linajibana, wanaofuata wanakaa nje.

Mtasema seva ya zamani ilikuwa imeongezwa hadi 200 au 300. Ndiyo, lakini usakinishaji mpya huja na faili jipya la mipangilio. pg_upgrade haikunakilii postgresql.conf wala pg_hba.conf (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia) yako ya zamani. Linganisheni mafaili mawili mstari kwa mstari kwa amri ya `diff`. Na wekeni PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho michache, mbele badala ya kuongeza namba kila mwaka, maana kila muunganisho hula kumbukumbu ya seva.

#4 Fundi_Ntinda
Webale nyote. ANALYZE iliendeshwa Jumatatu saa 5. Majibu yakashuka hadi sekunde mbili. Miunganisho: ya zamani ilikuwa 200, mpya sina uhakika ilikuwa ngapi asubuhi ile, maana seva iliwashwa upya saa 6 na mtu alikuwa ameshahariri faili. Lakini foleni haikuisha hata mfumo ulipokuwa mwepesi. Na yale matawi mawili yaliendelea kukataa hadi alasiri.

#5 Mama_Tawi
Foleni haikuisha kwa sababu haikuwa ya seva. Wataalamu mnapima muda wa seva kujibu, hampimi muda wa mteja kuondoka dirishani.

Fanyeni hesabu. Keshia aliyezoea toleo la zamani hutoa pesa kwa dakika 3: F4, namba, kiasi, F9, muhuri. Toleo jipya limehamisha kitufe cha kuthibitisha, limeongeza ukurasa wa picha ya mteja, na F9 sasa hufuta. Dakika 3 zinakuwa 5. Dirisha lenye watu 40 asubuhi lilikuwa linamaliza baada ya saa 2, sasa linahitaji saa 3 na dakika 20, na wa mchana wameshafika. Seva ikijibu kwa sekunde sifuri hesabu hiyo haibadiliki.

Mafunzo yafanyike siku 5 hadi 10 kabla. Mwezi mmoja kabla, wamesahau. Jioni ya jana yake, wamechoka. Kila tawi liwe na keshia mmoja aliyekaa na toleo jipya mapema kuliko wenzake, na Jumatatu hiyo ASIPEWE dirisha. Azunguke nyuma ya wenzake. Karatasi moja yenye vitufe vya zamani kushoto na vipya kulia, ibandikwe kwenye skrini. Na iandikwe kwa lugha wanayofanyia kazi pale, si kwa Kiingereza cha mwuzaji wa programu.

#6 Kijana_Arua
Banange, Mama Tawi kaleta hesabu ya darasa la nne ikawashinda wahandisi 😂

Kuhusu yale matawi mawili: angalieni saa. Kama makeshia huingia kwa akaunti za Windows za makao makuu, Kerberos, mfumo unaothibitisha anayeingia, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Kompyuta za matawi huzimwa Jumamosi mchana, umeme unakatika, na betri ya CR2032 kwenye ubao-mama imekufa zamani. Jumatatu inaamka na tarehe ya mwaka wa kutengenezwa kwake. Zamani seva kuukuu ilikuwa inawapa saa. Imezimwa, na hakuna aliyewaelekeza kwenye chanzo kipya. Matawi yenye betri nzima hayakugundua kitu.

Betri ni bei ya rolex mbili, za chapati na mayai. Ila hakuna fomu ya mabadiliko iliyowahi kuuliza habari za betri.

#7 Swichi_Bwaise
Arua, ingekuwa saa, ingegusa kompyuta moja moja, si tawi zima. Tawi zima likikataa, ni njia au ni pg_hba.conf. Mtandao wa tawi usipoandikwa humo, hifadhidata hukataa anwani zote za tawi hilo bila huruma. Bado nasimama na faili la mipangilio.

#8 Kijana_Arua
Tawi dogo lina kompyuta tatu, zilizonunuliwa siku moja, betri za umri mmoja. Zinakufa pamoja kama ndugu. Usinipeleke mbio.

#9 Mzee_wa_Fomu
Vijana, mmetoa sababu nne na kila moja ni swali ambalo kamati ingeuliza kama ingekuwa kamati. Tatizo si kikao, ni maswali yake. Fomu nyingi huku zimenakiliwa: maelezo, sababu, hatari kubwa/ndogo, saini. Kila mtu anaweka "ndogo".

Fomu yangu ina mistari sita, na jibu la "ndiyo" halikubaliki, lazima jina, namba au muda:
Nani ataathirika akifungua kazi Jumatatu saa 2, na nani amemwambia?
Kipi kinategemea kitu hiki bila kuonekana: printa, saa, kazi za usiku, washirika wa nje?
Jaribio limefanywa kwa watumiaji wangapi kwa wakati mmoja?
Saa ngapi tunaamua kurudi nyuma, na nani anaamua?
Kurudi nyuma kunachukua dakika ngapi, na mara ya mwisho kulijaribiwa lini?
Nini hakiwezi kurudishwa?

ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za kompyuta, inataka kila badiliko lipite kwenye kamati, na hapo ndipo nidhamu ilipo.

#10 Hifadhi_Mbarara
Mzee, maswali yako nayaiba yote sita, ila sentensi ya mwisho si kweli. ITIL haijawahi kutaka hivyo. Kuna mabadiliko ya kawaida yaliyoidhinishwa mapema, yale yenye hatua zinazojulikana na hatari ndogo, kama kuongeza mtumiaji au kubadilisha printa. Hayo hayaendi kikaoni. Kuna ya dharura, yenye njia yake fupi. Yanayobaki katikati ndiyo ya kujadiliwa. Na ITIL 4 ya 2019 imesogea zaidi: mwenye mamlaka ya kuidhinisha awe karibu na kazi, kulingana na uzito wa badiliko.

Tena watafiti wa DORA, wanaopima utendaji wa timu za programu, waliona kwamba idhini kutoka nje ya timu, ya meneja au ya kamati, huchelewesha kazi bila kupunguza mabadiliko yanayoharibika.

#11 Mzee_wa_Fomu
Nimesahihishwa, asante. Lakini hao wa DORA wanapima timu zinazoandika programu zao wenyewe, zinaweza kurekebisha mstari wa programu saa hiyo hiyo. SACCO hununua programu kwa mwuzaji. Kosa likitokea unafungua tiketi unasubiri ng'ambo waamke. Huyo anahitaji breki zaidi.

#12 Mhasibu_Nakawa
Nimengoja mtu aguse swali la sita la Mzee. Mnaongea kurudi nyuma kana kwamba ni kurudisha bakapu tu.

Chukua duka la jumla lililosajiliwa VAT. Mfumo mpya wa mauzo umewashwa Jumatatu, hadi saa 5 umetoa ankara 180 kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato. Kila moja imeshapewa namba yake ya hati na msimbo wa QR, iko kwenye kumbukumbu za URA. Mkirudisha bakapu ya Jumamosi, vitabu vyenu havina ankara hizo, URA inazo. Tarehe 15 ya mwezi unaofuata unajaza marejesho ya VAT na hayalingani. Hufuti, unaomba krediti noti (hati ya kutengua ankara) moja moja, au unaziingiza upya kwa mkono kwenye mfumo wa zamani BILA kuzituma tena. Zikitumwa tena, umeuza mara mbili.

Na kabla ya kuwasha: bidhaa hazihami zenyewe. Misimbo ya bidhaa ikibadilika kwenye mfumo mpya, EFRIS haizijui. Zisajiliwe kwanza kwa T131 (hizi T ni namba za aina za ujumbe wa EFRIS), kisha stoki, ndipo ankara ipande kwa T109. Duka la bidhaa elfu nne, hiyo si kazi ya asubuhi.

#13 Busia_Mpakani
Mhasibu, kidogo tu: kusajili bidhaa ni T130. T131 ndiyo ya stoki. Mengine lakini uko sawa, na vipimo navyo viangaliwe. Mfumo wa zamani unauza katoni, mpya unauza kipande, stoki URA inasema 40 nawe unataka kuuza 960.

Naongeza sababu ya tano kwa Fundi. Seva mpya ina anwani mpya ya intaneti? Washirika wa pesa za simu na benki hufungulia anwani zilizosajiliwa tu. Ukihama, barua ya kuomba wafungue mpya huenda siku za kazi, na dawati lao la Jumapili halina mamlaka hayo. Ombeni siku 10 za kazi kabla, anwani ya zamani na mpya ziwe wazi zote mbili kwa wiki, kisha mjaribu kutoka seva mpya yenyewe, si kutoka kompyuta ya ofisini.

Jina la seva kwenye DNS, orodha inayogeuza majina kuwa anwani, nalo: kama muda wake wa kukumbukwa ni sekunde 86,400, kuna watakaotafuta seva ya zamani kwa saa 24 nzima baada ya kuhama. Ushusheni hadi 300 siku mbili kabla, mkishatulia mrudishe.

Halafu saa, Arua kagusa nusu. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Kazi ya kufunga siku iliyopangwa saa 5 usiku itaanza saa 8 usiku kwa saa zetu, na muamala wa saa 7 usiku wa tarehe 1 utaandikwa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Mhasibu anaijua ladha yake.

#14 Mhasibu_Nakawa
T130, kweli, vidole vimeteleza. Na hiyo ya tarehe usiiseme kwa sauti, mkaguzi wa ndani anasoma uzi huu.

#15 Swichi_Bwaise
Kwa wanaoamini kurudi nyuma ndiyo kinga: Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa, Marekani, 1 Agosti 2012. Seva nane, programu mpya ikawekwa kwenye saba, ya nane ikabaki na programu kuukuu iliyoamshwa na swichi ile ile. Wakaona vurugu, wakaamua kurudi nyuma: wakaondoa programu mpya kwenye zile saba. Sasa zote nane zikawa zinaendesha ile kuukuu. Dakika 45, zaidi ya dola milioni 440. Kurudi nyuma nako ni badiliko, nalo lijaribiwe.

#16 Kijana_Arua
Na ya CrowdStrike, programu ya usalama iliyotuma sasisho bovu na kuangusha kompyuta za Windows, 19 Julai 2024, huku ilikuwa saa 1:09 asubuhi ya Ijumaa. Faili likaondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea, kama milioni 8.5, zilitaka mtu afike, aiwashe kwa hali salama, afute faili. Haikupita kamati ya mteja yeyote. Mzee, fomu yako inazuia hilo?

#17 Mzee_wa_Fomu
Haizuii. Inakuuliza tu nani ana ufunguo wa chumba cha seva cha kila tawi, na ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski za Windows, uko wapi kama si ndani ya seva iliyozimika.

#18 Mama_Tawi
Swali langu kwa Fundi: kwa nini vitu vitatu usiku mmoja? Seva, hifadhidata, programu. Sasa mnabishana kurasa mbili kwa sababu hakuna anayeweza kutenganisha.

#19 Fundi_Ntinda
Kalenda, Mama. Kuanzia tarehe 25 hadi 3 hawaruhusu kugusa kitu, mishahara na marejesho ya mikopo. Tarehe 10 hadi 15 uhasibu wanakataa: PAYE, VAT na NSSF zote mwisho wake ni tarehe 15. Wikendi zinazobaki ni mbili kwa mwezi, na moja mwuzaji hana mtu. Kwa hiyo ukipewa usiku mmoja unabeba vyote.

#20 Hifadhi_Mbarara
Basi sababu ya sita ni kalenda yenyewe. Kufungia mabadiliko hakuondoi hatari, kunairundika usiku mmoja. Seva mpya ingeweza kuwekwa wiki tatu kabla, ikapokea nakala ya data mfululizo huku ya zamani ikifanya kazi. Toleo jipya la programu lingewekwa likiwa limezimwa, kisha liwashwe tawi moja moja. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji Jumamosi usiku.

#21 Mhasibu_Nakawa
Hifadhi, siungi mkono kufuta kufungia. Tarehe 14 jioni sitaki mtu aguse hata kebo. Lakini kuna badiliko lisilouliza kalenda yenu: 1 Julai. Viwango vya kodi hubadilika mwaka wa fedha unapoanza, na mmefunga tarehe 25 Juni! Kumbukeni 2018: 1 Julai kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, kabla mwaka haujaisha ikawa asilimia 0.5 kwa kutoa tu. Aliyeandika kiwango ndani ya programu alibadilisha programu mara mbili. Aliyekuwa na jedwali lenye safu ya "kuanzia tarehe" aliongeza mistari, na ripoti za zamani zikabaki sahihi.

Kodi ya huduma ya mtaa nayo hukatwa Julai hadi Oktoba. Waliosahau kuizima Novemba wanajuana.

#22 Jinja_Mita
Mnaposema tawi moja moja, mfano mzuri ni mita za Yaka, zile za umeme wa kulipia kabla. Kila tokeni hubeba muda uliohesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, ndani ya biti 24. Biti 24 ni dakika 16,777,216, zinazoisha 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyosasishwa hukataa tokeni mpya. Mita zote nchini, na fundi hawezi kufika kila nyumba.

Kampuni ya Umeme, ambao wakati huo bado walikuwa wasambazaji, hawakungoja usiku mmoja. Mteja akinunua umeme alipewa namba tatu za tarakimu 20: mbili za kubadilisha ufunguo wa siri wa mita, ya tatu ya umeme wenyewe. Kwa mpangilio huo. Akianza na ya tatu, inakataliwa, lakini hakuna kilichoharibika. Anaanza tena na ya kwanza. Badiliko liligawanywa na siku za watu kununua umeme. Na anayekosea hajifungii nje. Hicho cha pili ndicho hakimo kwenye fomu ya Mzee.

#23 Mzee_wa_Fomu
Mstari wa saba umeingia: "Mtumiaji akikosea hatua, nini kinatokea?"

#24 Mama_Tawi
Muulize bibi aliyesimama gizani na tarakimu sitini mkononi kama hakuna kilichoharibika 😂

#25 Busia_Mpakani
Na hao wanaosema wingu litatuokoa: Januari 2021 intaneti ilizimwa tarehe 13 jioni hadi tarehe 18. Mpango wa kurudi nyuma unaosema "pakua toleo la zamani" hauna maana siku hiyo. Kisakinishi cha zamani, leseni yake na bakapu moja viwe kwenye diski ndani ya jengo.

#26 Kijana_Arua
Pamoja na dizeli ya jenereta. Kuna mahali walianza kuhamisha data na tangi nusu.

#27 Swichi_Bwaise
Turudi kwenye kesi. Fundi, tupe logi za hifadhidata za Jumatatu kati ya saa 2:30 na saa 5. Idadi ya miunganisho iliyokataliwa itamaliza ubishi wangu na Arua: kama ni saa, hifadhidata haikuwaona kabisa, kama ni pg_hba, kuna mstari kwa kila jaribio lenye anwani ya tawi.

#28 Fundi_Ntinda
Seva mpya ilikuja na mpangilio wa kuhifadhi logi siku 3. Leo ni Ijumaa. Zimejifuta.

#29 Swichi_Bwaise
Nimesemaje kuhusu faili la mipangilio?

#30 Kijana_Arua
Hiyo si ushahidi wa miunganisho ssebo, ni ushahidi wa logi. Fundi, fungua kompyuta moja ya yale matawi, toa betri, ipime kwa mita. Chini ya volti 2.5 nadai soda.